Tanga Letu la Turubai

Riziki mwanangu,

Sikusalimu, kwa sababu nimekusalimu tangu asubuhi na hukuniitikia vizuri. Umelala chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yetu, na mama mwenye akili zake angeinuka aje aseme nawe ana kwa ana. Lakini mimi na wewe tukigusa habari ya safari hii tunagombana. Jana ulibamiza mlango hadi chokaa ikadondoka kwenye sufuria ya mboga. Basi naandika. Karatasi angalau haina jeuri.

Alfajiri unataka kuondoka ufukweni Kibirizi peke yako, na mtumbwi wetu mdogo na tanga lake, ufuate pwani hadi Ilagala kwa shangazi yako, ukaanze kufundisha. Mimi sitaki uende hivyo. Unalijua, majirani wote hapa Katubuka wanalijua, nadhani hata kuku wanalijua. Sikatai kazi. Watoto wa Ilagala wana bahati kukupata, ingawa watakuona mkali. Ninachokikataa ni kupita mlango wa mto Malagarasi ukiwa peke yako chini ya tanga lile, na sababu unaijua maana ulikuwepo.

Habari za kuchemsha maji, kufunga dirisha na kutokukopesha sukari nazipita. Shangazi yako atakuchosha nazo mpaka uombe kurudi. Mimi nataka kukuambia habari za ziwa, na habari zangu, kabla hujazisikia kwa watu wanaozisimulia vibaya.

Wewe ulikuwa mdogo, ndiyo maana unadhani tulianza kutweka tanga kwa sababu mama yako alipenda starehe. Tulianza kwa dhiki. Majambazi wa ziwani walimwotea baba yako wakachukua injini, wakamwachia kasia moja, kama watu wenye huruma. Akarudi akipiga kasia, na toka siku ile hakuwa baba yako yule. Alipougua tuliuza boti kubwa. Alipofariki tukabaki na kale kamtumbwi ka mbao kalikokuwa kakibeba taa usiku wa uvuvi. Hakakuuzwa kwa sababu hakuna aliyekataka.

Miaka ile ndiyo ng'ambo ya ziwa ilikuwa inawaka vita. Boti zilikuja zimejaa watu, magodoro, mbuzi, cherehani, watoto waliolala juu ya mizigo. Petroli ikawa inaulizwa hali kama mgonjwa: leo vipi, imeshuka, imepanda? Ikawa inapanda tu. Wavuvi wengi wakaegesha boti zao, na wauza dagaa kama mimi tukawa tunagombania ndoo moja watu watano.

Siku mbaya kuliko zote zilikuwa za mbalamwezi. Unajua mwenyewe, mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, wavuvi hawaingii ziwani, Kibirizi yote inalala. Kwetu hizo zilikuwa siku za uji usio na sukari. Katika siku mojawapo nikakuchukua twende kwa kasia hadi upande wa Bangwe tuokote kuni. Kurudi mikono yangu ikakataa kabisa. Upepo ulikuwa unatoka nyuma yetu. Nikavua khanga niliyojitanda, nikafunga ncha zake kwenye makasia mawili, wewe ukashika moja, mimi moja, tukayasimamisha.

Mtumbwi ukaenda wenyewe. Unakumbuka? Maji yakaanza kuzungumza chini ya mbao, na wewe ukacheka kile kicheko chako cha kukatika pumzi. Mimi nikacheka pia. Sikuwa nimecheka tangu mazishi. Nilicheka hadi nikaona haya, nikageuka kutazama pwani kama kuna mtu anatuona.

Baada ya hapo sikutulia. Nikabadilishana na mama mmoja mkimbizi, yeye akanipa turubai la msaada, mimi nikampa dagaa na unga. Nikalishona kwa uzi wa nyavu, mshono mara mbili. Mlingoti tukakata mkaratusi. Raha yetu yote ile, mwanangu, haikufikia bei ya dumu moja la petroli. Kila mbalamwezi tukawa watu wa kutembea. Hata majambazi walitupita siku moja na boti yao, wakapunguza mwendo, wakatutazama, wakacheka, wakaenda zao. Umaskini nao una ulinzi wake.

Maneno yakaanza, tena mengi. "Watu wanakufa majini, Mama Riziki anatembea." Nilikuwa na ulimi siku zile kuliko sasa, nikawajibu kwamba nikikaa nyumbani nikinuna hakuna atakayefufuka. Nilidhani nimejibu vizuri sana. Sikujua kwamba jibu langu lina shimo, na kwamba nitatumbukia mbele ya watu.

Mama Mwavita alikuwa amepanga chumba nyuma yetu. Alivuka kutoka ng'ambo na binti yake mmoja mgongoni. Mume na wavulana wawili walipoteana naye kwenye vurugu za kupakia, wakaahidiana boti inayofuata. Kila siku alishuka Kibirizi kuangalia boti inayofuata. Hakuwa anauza kitu wala kununua kitu. Alisimama tu pale wanapoanika dagaa, macho yakiwa majini, hadi jua linazama, kisha anapanda mlima kurudi.

Alasiri ile tulikuwa tunarudi, upepo nyuma, tanga limejaa. Turubai lile lilikuwa jeupe, na jua lilikuwa linalipiga. Sasa fikiria mtu wa pwani anaona nini. Siku zile boti za wakimbizi zikiishiwa mafuta katikati ya ziwa, watu walitweka maturubai ili upepo uwasogeze. Kila mtu Kibirizi alijua turubai jeupe juu ya maji maana yake ni nini. Kila mtu isipokuwa mimi, niliyelishona.

Tukaona wanawake wanateremka mchangani mbio. Wewe ukapunga mkono, ukadhani wanatulaki. Na mimi, Mungu anisamehe, nikapunga. Mama Mwavita aliingia majini na nguo zake hadi kifuani, akiita majina. Alipoufikia mtumbwi akaushika ubavuni kwa mikono miwili, akatazama ndani. Akakuona wewe, akaniona mimi, akaona mahindi ya kuchemsha tuliyokuwa tunakula.

Akauliza, "Na bengine beko wapi?"

Hao wengine walikuwa mume wake na wale wavulana wawili. Akainama kutazama chini ya ubao wa kukalia, mahali ambapo hata paka asingeenea. Kisha akaachia mtumbwi, akarudi mchangani taratibu, na wale wanawake wengine wakampisha. Mimi nilibaki nimekaa. Nilitamani wanitukane.

Jioni nikaenda chumbani kwake. Nilikwenda kuomba radhi. Nikamwambia nitalichanachana lile tanga. Alikuwa anamsuka binti yake, hakuinua macho.

"Usilipasule," akasema. "Utie alama tu. Nikiona alama, nisikimbie."

Akachana kitenge chake mwenyewe, kipande chekundu, akanipa. Ndicho kile kiraka cha katikati ambacho ulikuwa unakilalamikia kwamba kinatufanya tuonekane kama machizi. Sikuwahi kukueleza vizuri kilikotoka, kwa sababu ulikuwa mtoto, na baadaye kwa sababu niliona aibu. Miezi ilipita, siku moja akaomba twende naye. Alikaa ameng'ang'ania ubao, macho kafumba. Tulipofika nje kidogo akayafumbua, akaomba ashike kamba. Aliishika hadi tunarudi. Hakucheka, lakini mbalamwezi iliyofuata alikuja mwenyewe kugonga mlango.

Sikuambii uache raha kwa sababu kuna wenye msiba. Kama ningeamini hivyo ningekuwa nimeacha. Nakuambia kwamba mtu anayefurahi mbele ya watu waliofiwa ana wajibu wa kujua anaonekanaje kutoka kwao. Ilagala utawakuta wengi wa namna hiyo, hata miongoni mwa wanafunzi wako. Mimi nilijifunza hilo nikiwa na hindi mkononi.

Sasa nifike Malagarasi. Najua hapa utakunja uso.

Ulikuwa ndiyo umeanza kidato cha kwanza. Tulikuwa tunakwenda kwa shangazi yako, na nilichelewa kuondoka pale tulipolala njiani kwa sababu nilikaa kupiga soga. Hilo ndilo kosa la kwanza, maana asubuhi upepo hutoka milimani, mpole, unakupeleka. Mchana unageuka, unatoka ziwani, na unakuja na hasira. Tulipokaribia mlango wa mto maji yalikuwa yameshabadilika rangi. Mto unasukuma nje, upepo unasukuma ndani, na mawimbi pale hayajui yaende wapi, yanasimama tu.

Nilikuwa nimeshika kamba ya tanga tangu tulipoondoka. Mkono ulikuwa unawaka. Na nilikuwa na chungwa. Nikaifunga kamba kwenye ubao wa kukalia, fundo la nguvu, ili nimenye chungwa. Hilo ndilo kosa lenyewe, mwanangu, hakuna jingine kubwa zaidi. Kamba ya tanga hushikwa, haifungwi. Upepo ukija kwa ghafla wewe unaiachia, tanga linapigapiga, mtumbwi unasimama wima, unatukanana na upepo kidogo, unaendelea. Ukiifunga, upepo hauna pa kwenda. Unachukua tanga na mtumbwi na watu.

Upepo ulikuja. Nilisikia maji masikioni, nikaibuka, nikashika mtumbwi uliolala ubavu. Wewe hukuwepo. Tanga lilikuwa limetandazwa juu ya maji, na chini yake nikaona kitu kinatembea, kinainua turubai, kinashuka. Kilikuwa kichwa chako. Nikaona hadi umbo la mdomo wako, umebandika mdomo kwenye plastiki ukitafuta hewa. Nikalipiga turubai kwa ngumi, nikalivuta, nikaling'ata. Nililishona mwenyewe, mshono mara mbili, na nilikuwa nikijisifu sokoni kwamba halipasuki. Halikupasuka.

Kisha kikaacha kutembea.

Sijui nilipiga kelele gani. Najua tu kwamba ulitokea upande wa pili, nyuma yangu, unakohoa, na kitu cha kwanza ulichosema ni, "Mama, kasia liko wapi?" Ulikuwa umezama chini zaidi kwa makusudi, ukapita chini ya mlingoti, ukatoka. Mimi nilikuwa ninamwokoa mtu ambaye ameshajiokoa.

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipo, sivyo? Siku moja, watu wawili, kila mmoja ameondoka na lake. Wewe unasema, "Mama, siku ile si nilitoka mwenyewe? Sasa unaogopa nini?" Mimi nasema ulikuwa na bahati. Umeshinda wiki hii nzima ukiniambia, "Ulinifundisha mwenyewe, sasa unanibania." Nami nikakuambia upande boti ya abiria kama watu wengine, ukanijibu kwamba boti za abiria zinajazwa hadi maji yanaingia mdomoni, na kwamba zenye injini ndizo zinazowindwa. Nikakuambia huna adabu. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu, na mimi nikikosa jibu hutafuta adabu.

Nimefikiria sana lile chungwa. Sikuifunga kamba kwa uvivu. Niliifunga kwa sababu nilikuwa nimechoka kuhisi kila pumzi ya upepo kwenye kiganja, nikataka kitu kingine kinishikie. Na nadhani nyumbani nimekufanyia hayo hayo. Baba yako alipofariki niliogopa mchana na usiku, nikachoka kuogopa, nikaanza kufunga. Usiende kwa fulani. Usikae nje. Nafasi ya chuo kule Tabora niliikataa kwa niaba yako, nikasema ni nauli, na haikuwa nauli. Ulivumilia kuliko nilivyostahili. Miaka hii miwili ukiubamiza mlango siulizi tena umepata wapi hasira.

Kama ningeishia hapa ungesema mama ameelewa, amelainika. Ngoja. Sijalainika. Na yaliyobaki lazima uyasome hadi mwisho kabla hujashuka Kibirizi.

Leo jioni ulipokwenda kuwaaga akina Mama Mwavita, nilikwambia nakwenda kwa mshonaji. Sikwenda kwa mshonaji. Nilishuka Kibirizi na kisu cha kukwangulia magamba. Mtumbwi ulikuwa umelala juu ya mchanga ubavu wazi, jinsi ulivyouacha, umeupaka mafuta vizuri, umepanga kila kitu kama baba yako. Nikapiga magoti upande wa kushoto, mbele, karibu na chini kabisa, nikaanza kuchomoa pamba iliyoziba maungio ya mbao. Ilitoka kwa urahisi. Nikachomoa urefu kama wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole.

Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya mambo yote. Utasukuma majini, maji yataingia, utarudi umelowa miguu na hasira kama nyoka, lakini utarudi. Utasema mtumbwi umekauka kwa jua. Hutajua.

Mzee mmoja wa nyavu akapita nyuma yangu akiwa amebeba kasia lake. Akasema, "Mama Riziki, mnatengeneza?"

"Ego, ndiyo," nikamjibu, "natengeneza."

"Mtoto anasafiri kesho, nasikia. Mungu amtangulie."

Nikasema amina. Nilisema amina nikiwa na ile pamba kwenye kiganja, Riziki. Akaenda zake. Ndipo akili ikanirudia, nikaukumbuka ule mzigo wako, lile gunia la vitabu. Utaliweka mbele, upande ule ule, kama tunavyoweka mizigo siku zote. Lingeyaficha maji. Usingeyaona ukiwa karibu na pwani. Ungeyaona umeshapita Bangwe, umeshaachana na watu, na yangekuwa mengi. Mto ulishindwa kukuchukua, na mimi mama yako nilikuwa ninaumalizia kazi.

Nikarudisha pamba. Nilikwenda kuomba mafuta ya mawese kwa mama muuza mihogo, nikaichovya, nikaisokomeza kwa ncha ya kisu nikigonga na jiwe. Giza lilikuwa limeshaingia, na kazi ya kuziba mtumbwi haifanywi gizani, tena kwa haraka. Sikudanganyi. Sijui kama nimeiziba vizuri. Huenda nimeiziba vizuri kuliko ilivyokuwa, huenda nimeiharibu.

Kwa hiyo nimeushusha majini, nimeuacha ukielea kwenye maji ya magoti, nimeufunga kwenye mti wa kuanikia nyavu. Mlinzi wa pale ufukweni anajua. Mtumbwi utalala humo, maji yapate nafasi ya kusema ukweli.

Alfajiri usipakie kitu kabla hujatazama. Inua ubao wa mbele, ingiza mkono upande wa kushoto, pitisha kidole polepole kwenye maungio ya chini. Usitumie macho, tumia kidole. Ukikuta maji, hakuna safari, na kosa ni langu. Tutautoa, tutatia pamba upya mchana kweupe, wewe ndiye utakayeziba, mimi nitakushikia bakuli la mafuta, na utaondoka kesho kutwa bila kusikia neno kutoka kwangu. Unikasirikie unavyotaka. Utakuwa na haki, na nitakaa kimya, jambo ambalo hujawahi kuliona.

Ukikuta pakavu, pakia vitabu vyako. Mimi nitakuwa pale ndani ya maji kabla yako. Siendi kukushika.

Nakwenda kusukuma.

Mama yako,
mikono bado inanuka mawese